Muulize Fundi: Tairi linakwaruza shokapu, nifunge spesa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2008, rimu na tairi zake za kiwandani. Mwezi uliopita nilifungiwa koilova, yaani shokapu na springi zinazorekebishika urefu, gari likashuka sentimita 3. Tangu hapo tairi za mbele zinakwaruza kwa ndani, na pete inayobeba springi imeng'aa upande mmoja. Aliyenifungia aliinamisha magurudumu ya mbele, vichwa vikilala ndani, hadi digrii 3 kwa kutumia bolti za chini za shokapu, kwa kuwa wikiendi napenda kukimbiza gari kwenye uwanja wa mashindano. Wenzangu wanasema nifunge spesa, yale mabamba ya kusukuma rimu nje, za milimita 20 kote kote, tatizo liishe na gari lipendeze. Bolti za magurudumu zilizopo zitatosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, vua magurudumu ya mbele leo hii ukague ubavu wa ndani wa tairi. Ukiona nyuzi, tairi hilo halifai tena, hata kama kashata zake bado ni mpya.

Halafu turudi kwenye zile digrii 3, maana nadhani kisa chote kimeanzia hapo. Mbele ya gari lako, shokapu imeshikana moja kwa moja na chuma kinachobeba habu (kitovu ambacho rimu hufungwa), kwa bolti mbili. Ukiinamisha gurudumu kupitia bolti hizo, shokapu inabaki ilivyo na kichwa cha tairi kinaisogelea. Chukua mahali panapogusa pawe sentimita 25 juu ya bolti: kila digrii moja inakula milimita 4 na ushee. Digrii mbili tu kati ya hizo 3 zinakumalizia karibu milimita 9, na hapo tayari pete ya koilova ni nene kuliko umbo la shokapu iliyotoka kiwandani.

Koilova nyingi za gari hili zina bamba la juu linaloteleza kwa ajili ya mwinamo huohuo. Kama zako zinalo, litumie. Ukiinamishia juu, shokapu na gurudumu vinalala pamoja kama kitu kimoja, na nafasi iliyo kati yao haibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo rudisha bolti za chini mpaka gurudumu lisimame karibu wima, kisha vuta mwinamo wako kutoka juu. Ukimaliza nenda ukapimiwe alaimenti, kwa sababu vidole vya magurudumu, yaani yanavyoelekea ndani au nje kwa mbele, vitakuwa vimehama.

Sasa pima. Mimi hutumia shina la keekee la milimita 5: likipita kati ya tairi na pete bila kusukumwa, sina wasiwasi. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba tairi na mwili wa shokapu hupanda, hushuka na kukata kona pamoja, hivyo kipimo ulichopata gari likiwa kwenye jeki hakitofautiani sana na cha barabarani. Hizo milimita 5 ni za tairi kunyumbuka kwenye kona kali.

Keekee lisipopita, hapo ndipo spesa inapata kazi, na iwe ya milimita 3 au 5, mbele tu. Nyuma, gurudumu la gari lako linashikwa na mikono miwili, juu na chini, na huko hukuniambia kuna kinachogusa. Usifunge kitu mahali ambapo hakuna shida.

Tundu la katikati la spesa liwe milimita 56.1 kamili, sawa na habu yako. Nilipokuwa kijana nilifunga zile za "saizi zote", zenye matundu yaliyorefushwa kama yai. Usukani ulitetemeka kila nilipofika kilomita 90 kwa saa. Nikabalansi tairi mara mbili, wapi! Rimu haikuwa imekaa katikati ya habu. Nilipozikagua nati siku ya tatu, mbili zilikuwa zimelegea. Mke wangu na watoto walikuwa wamesafiri ndani ya gari lile asubuhi yake, na hadi leo nikimfungia mtu spesa namkumbusha arudi tukaze upya baada ya kilomita 80 hivi.

Kuhusu bolti za magurudumu, hesabu mwenyewe. Uzi wake ni M12 kwa 1.25, yaani unene wa milimita 12, na kila mzunguko wa nati ni milimita 1.25. Spesa ya milimita 5 inakunyang'anya mizunguko 4. Ninachotaka ni nati iushike uzi kwa urefu usiopungua unene wa bolti, milimita 12, ambayo ni mizunguko 10 kwa makadirio. Isipofika, badilisha bolti za habu uweke ndefu. Safisha kutu kwenye uso wa habu, usipake grisi kwenye uzi, na ukaze kwa spana yenye kipimo, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari.

Milimita 20 siziungi mkono. Ofseti ya rimu zako, yaani umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu, ni milimita 55. Itashuka hadi 35. Usukani utavutwa na kila shimo, beringi zitabeba mzigo kutoka mbali zaidi, na tairi uliloliokoa na shokapu litaanza kukata madigadi gari likizama.

SWALI: Golf GTI yangu haina nati, rimu inafungwa kwa bolti. Nikiweka spesa za milimita 10, nitumie bolti zilezile?

JIBU: Hapana. Ongeza urefu wa bolti kwa milimita 10 zilezile. Usizidishe, kwani bolti ndefu mno hutokeza nyuma ya habu na kugonga vilivyomo. Angalia pia makalio ya bolti: rimu za kiwandani za Volkswagen hukaliwa na bolti ya duara kama mpira, ilhali rimu nyingi za kununua hutaka ya koni. Ukizichanganya, itashika ukingo tu.