Jibu: Meli ya kigeni yenye mabaharia pungufu inaweza kuzuiwa Mombasa?

Ndugu, umeuliza kama mkaguzi wa Mombasa ana nguvu juu ya meli yenye bendera ya Panama iliyotia nanga na mabaharia pungufu. Anayo. Kenya, kama Tanzania, imo kwenye makubaliano ya nchi za Bahari ya Hindi ya kukagua meli za kigeni bandarini.

Ila idadi haipangi yeye. Hupangwa na nchi ya bendera, yaani ile meli iliposajiliwa, na kuandikwa kwenye hati inayobebwa melini, kwa mujibu wa SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Mkaguzi huhesabu watu, hulinganisha na hati, hukagua vyeti. Akikuta pengo lisilo na idhini ya nchi ya bendera, anaweza kuizuia meli isitoke.

Mimi naogopa zaidi daftari la saa za mapumziko. Baharia anastahili angalau saa 10 katika kila saa 24, na 77 kwa wiki. Daftari linalofanana kila siku, hata siku waliyokesha wakipakua shehena, limepikwa. Huyo mdogo wako uliyesema yumo kwenye meli hiyo amwendee mkaguzi mwenyewe. Malalamiko yake yanapaswa kutunzwa kwa siri.