Kukadiria kalori za chakula cha nyumbani: dona, mawese, migebuka na sinia la familia

Mkuu, swali lako nimelisoma vizuri. Uko Kigoma mjini, unakula nyumbani, umepakua programu ya kuhesabu kalori kwenye simu ukakuta imejaa piza na baga, lakini mgebuka wa mawese, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, hakuna. Mizani huna, mnakula sinia moja na familia, na unataka kujua utakadiriaje unachokula bila kujidanganya. Waliotangulia kukujibu wamekushauri utumie ngumi na kiganja. Si ushauri mbaya, ila mimi ningeanzia jikoni, kabla sufuria haijapanda motoni.

Chakula kikishaiva, uzito wake umechanganyika na maji, na maji hayana kalori. Kilo moja ya mchele ikiiva inatoa wali wa kilo mbili na nusu mpaka tatu, na kilichoongezeka ni maji matupu. Mchele mkavu una kalori kama 360 kwa gramu 100, wali wa maji bila mafuta una kama 130. Ukipakua wali wa gramu 200 halafu kwenye simu ukabonyeza "mchele", umeandika 720 wakati umekula 260. Ukikosea kinyume chake, utashangaa miezi mizima kwa nini suruali haifungi. Maharage nayo ni hivyo hivyo: makavu yana kama 340, yaliyochemshwa 130 hivi.

Unga wa sembe, dona na muhogo vyote viko kwenye 340 mpaka 370 kwa gramu 100. Kwa hiyo wanaosema ugali wa muhogo haunenepeshi, au dona inakata mwili, wasikuchanganye. Dona ina nyuzinyuzi na virutubisho ambavyo sembe huacha mashineni, hiyo ni faida ya kweli na ndiyo maana mimi naila, lakini kwa hesabu ya kalori hazipishani kwa maana.

Njia yenyewe ni hii, na inahitaji mizani; ya kununua nimeieleza mwishoni. Pima vikavu kabla ya kupika, vitafutie kalori, jumlisha. Chakula kikiiva pima sufuria nzima, toa uzito wa sufuria tupu (wangu nimeuandika kwa kalamu kwenye kitako cha kila sufuria, mama watoto alicheka sana), halafu gawanya. Mfano wa dona: unga gramu 800 mara 3.6 ni kalori 2,880. Ugali ukiiva tuseme umetoka gramu 2,400. Kila gramu 100 ya ugali huo ina kalori 120. Ukila gramu 400 umekula 480, basi. Ukoko ukibaki kwenye sufuria na kuku wakaula, utakuwa umejiandikia zaidi kidogo ya ulichokula. Achana nao, hauna madhara.

Usichukue namba yangu ya 120 ukaifanya yako. Kuna nyumba ugali unasongwa mgumu mpaka mwiko unasimama, na kuna nyumba ni laini unashika vidole. Ule mgumu una unga mwingi kwa gramu ileile. Pima wa kwenu mara kadhaa, mpishi akiwa yuleyule na unga ukiwa uleule, utaona namba inazunguka palepale. Ukishaijua huna haja ya kupima kila siku.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo watu wa Kigoma tunapozama. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Mawese, alizeti, korie, yote ni yaleyale kwa kalori, hata kama mawese yana ile rangi yake ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kijiko cha chakula cha kipimo, yaani mililita 15, kina kama kalori 120. Chukua maharage makavu nusu kilo: kalori 1,700. Nyanya na vitunguu, weka 100 kwa jumla. Ukiunga kwa vijiko 6 vya mawese unaongeza 720, chungu kizima kinakuwa 2,520. Ukiunga kwa mkono wa mazoea, chupa ikainamishwa mpaka moyo uridhike, vijiko 12 vinafika bila mtu kugundua, na chungu kilekile sasa ni 3,240. Maharage hayajaongezeka hata punje. Upawa wako ni uleule na shibe ni ileile.

Vijiko vya nyumbani vinatofautiana pia. Kingine kinabeba mililita 10, kingine zaidi ya 15. Nenda duka la dawa lolote pale Mwanga, nunua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, ujaze kijiko chako kwa maji ujue kinabeba ngapi. Upawa na kikombe vipime hivyohivyo, kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja. Na kuna zile asubuhi za mwezi wa saba ambapo mawese yanaganda kwenye chupa. Yakiwa yameganda yanachotwa kwa kijiko kikarundikana kama kilima, na kijiko hicho si kimoja tena, kinakaribia viwili. Acha yayeyuke kwanza ndipo upime.

Najua utaniambia jikoni huingii wewe. Mimi nilipoanza kusimama na kijiko pembeni ya jiko niliulizwa, "Sasa unataka nipike mboga au nipike hesabu?" Tukakubaliana njia ambayo haimsumbui mpishi. Mafuta yote ya kupikia ya wiki tunayaweka kwenye chupa moja, mwanzo wa wiki nabandika plasta pale yalipofika, mwisho wa wiki naangalia yameshuka kiasi gani. Lita moja ya mawese ina uzito wa gramu 910 hivi, ambayo ni kalori zaidi ya 8,000. Kama mko watu 6 na mmemaliza lita moja kwa siku 7, ni wastani wa kalori kama 190 kwa kila mtu kwa siku, kutoka kwenye mafuta peke yake. Watoto wadogo wanakula pungufu, kwa hiyo mtu mzima jiwekee 220 au 250. Hiyo naiandika kila siku kama mstari wake wenyewe, "mafuta", halafu mboga naziandika kama zimechemshwa. Kwa ukadiriaji wa nyumba yenye sinia moja, sijaona njia yenye amani zaidi ya hii.

Angalizo moja kwenye mchuzi. Ugali ukipima gramu 100 upande huu na gramu 100 upande ule ni kitu kimoja. Mchuzi wa mawese sivyo, mafuta yanapanda juu. Anayepakuliwa wa kwanza anapata lile tabaka jekundu, wa mwisho anapata maji na nyama. Korogeni mpaka chini kabla ya kupakua, la sivyo hesabu ya kugawanya chungu haina maana.

Samaki wa kukaanga wana hesabu yao. Pima mafuta kwa mililita kabla hayajamiminwa kwenye kikaango. Ukimaliza kukaanga, acha yapoe kabisa, yachuje, yapime tena. Yakipungua kutoka 400 mpaka 330, ile 70 imeingia kwa samaki (kidogo imebaki kwenye kikaango, isikuumize kichwa), nayo ni karibu kalori 570. Vipande vikiwa vinne, kila kimoja kimebeba 140 juu ya kalori zake mwenyewe. Mgebuka wa kuchoma au wa kuchemsha hana mzigo huo. Na mgebuka unampima na kichwa na miba, lakini huli miba, kwa hiyo ukimaliza kula pima vilivyobaki kwenye sahani, utoe. Dagaa wakavu ni wepesi mkononi ila usiwaandike kama samaki mbichi: maji yametoka, kalori zimebaki, kwa gramu zilezile wana zaidi ya mara mbili. Wapime wakiwa wakavu, kabla hujawaloweka.

Sinia. Kujipakulia sahani yako pembeni inawezekana, ila wengine nyumbani wanaona umejitenga, na mgeni akiwepo ndiyo kabisa. Mimi nahesabu matonge. Siku moja kata matonge kumi ya kawaida yako, usiyapunguze kwa sababu ya mizani, yaweke yote kwenye sahani uyapime, gawanya kwa kumi. Langu linakuja karibu gramu 30. Kwa ugali wa 120 kwa gramu 100, matonge kumi ni kalori 360. Ukiwa mezani unazungumza na watu huku unahesabu kimoyomoyo, hakuna anayejua. Kama kwenu ugali unafinyangwa kwa bakuli lililoloweshwa maji ndipo unawekwa kwenye sinia, kazi ni rahisi zaidi: pima bonge moja, mabonge yote ni sawa, unajua umekula moja au moja na nusu.

Ngumi na kiganja vitumie ugenini, msibani, harusini, safarini kwenye treni. Ngumi iliyofungwa ni kama kikombe kimoja cha wali, ambacho kiko karibu na kalori 200. Kiganja bila vidole ni kipande cha nyama au samaki. Bado humuoni mpishi alitumia mafuta kiasi gani, kwa hiyo pilau la shughuli liongezee, kisha uendelee na maisha. Mlo mmoja wa kubahatisha hauharibu wiki.

Vitu ambavyo sipimi kabisa: mchicha, matembele, kabichi, nyanya, bamia. Majani yana maji mengi na kalori kidogo, kinachoyapandisha ni mafuta na karanga. Karanga ndiyo pima, tena kwa makini, kwa kuwa gramu 100 zina kama kalori 570. Kisamvu cha karanga na mawese ni chakula kizito, mtu asidanganyike na ukijani wake. Sukari ya chai nayo: kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, kalori 16, lakini nani anasawazisha? Vikombe vitatu vya vijiko vitatu vya kurundika vinaweza kupita 200. Chapati ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, maana unga na mafuta unavijua na madonge unayahesabu. Kilo ya ngano na mafuta mililita 150 ikitoa chapati 12, kila moja ni kama 400. Ndiyo, moja.

Umeuliza namba za vyakula vyetu zinapatikana wapi. Kuna majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na Harvard ya Marekani. Ni ya Kiingereza ila yanasomeka, na yana vyakula vyetu ambavyo programu za simu hazivijui. Ukipata namba, ingiza mwenyewe kwenye programu kama "chakula changu", usichague kilichoingizwa na mtu usiyemjua. Nimekuta humo ugali wenye kalori 360 kwa gramu 100. Huyo aliandika unga.

Na ukishaandika wiki tatu nne, mwache mwili usahihishe hesabu. Pima uzito asubuhi kabla ya kula, chukua wastani wa wiki, kwa sababu chumvi na maji peke yake vinaweza kukupandisha kilo moja usiku mmoja. Kama daftari linasema unakula 1,800 na wastani haushuki, basi huli 1,800. Tafuta kwenye chupa ya mafuta kwanza, halafu kwenye vile vya kuonja na vya kumalizia masazo ya watoto. Kwa mama yako uliyesema anatumia dawa za sukari, asipunguze wanga kwa njia hizi mpaka aongee na kliniki yake, dawa zinaweza kumshushia sukari vibaya.

Mizani: tafuta ya kidijitali ya jikoni ya kilo 5 yenye kitufe cha kurudisha sifuri, kwenye maduka ya vyombo zinapatikana. Ijaribu palepale dukani kwa pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa. Ikisoma karibu sana na kilo, ichukue. Usiitue sufuria ya moto juu yake moja kwa moja, weka kibao kwanza ubonyeze sifuri. Na nunua betri za akiba hukohuko, maana zikianza kuisha namba zinayumba na hutajua.