Magnetroni iache ndani ya sanduku lake

Kila video mpya inapozunguka kwenye simu za vijana, ya mtu aliyefunga magnetroni (ile sehemu ya maikrowevu inayotoa mawimbi ya kupashia chakula) kwenye fimbo na kuwasha taa bila waya au kunyamazisha spika ya jirani, najua wageni watafika kwenye karakana yangu. Huja wawili watatu, wengi ni wanafunzi wa ufundi, wanauliza kama nina maikrowevu mbovu ya kuuza. Ukiwadadisi, wanataka vitu viwili tu: magnetroni na transfoma. Siwauzii. Ila siwafukuzi, kwa sababu wanauliza mambo ya maana, na nikiwafukuza wataenda kwa muuza skrepa atakayepima kilo na kuchukua hela bila kuwaambia chochote. Kwa hiyo nawavutia benchi tunazungumza. Haya ndiyo ninayowaeleza.

Magnetroni haikuanzia jikoni. Ile yenye vyumba vidogo ndani yake, ambayo ndiyo mama wa hizi zetu, ilitengenezwa na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwaka 1940, kwa ajili ya rada za vita. Ni mwaka 1945 Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi Raytheon kule Marekani, alipogundua kuwa chokoleti iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka alipokuwa karibu na mtambo huo. Jinsi inavyofanya kazi inapendeza kweli. Katikati kuna waya unaopashwa moto hadi unatoa elektroni. Volti kubwa inazivuta kwenda ukutani, lakini sumaku mbili za duara zinazipinda njiani, zinazunguka badala ya kufika moja kwa moja. Zikipita kwenye milango ya vile vyumba vidogo, zinavifanya vitetemeke kwa masafa ya karibu bilioni 2.45 kwa sekunde. Wimbi linalotoka lina urefu wa sentimita 12 hivi, na nguvu yake katika maikrowevu ya nyumbani ni wati 700 hadi 1,000.

Sasa shika hapo. Ruta ya Wi-Fi nyumbani kwako inatumia masafa yaleyale, lakini nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya wati. Magnetroni ya wati 800 ina nguvu ya ruta 8,000, na kitu pekee kinachoifanya ikae mezani karibu na watoto bila madhara ni sanduku.

Fungua mlango wa maikrowevu yoyote iliyochomolewa umeme uutazame. Kile kioo kina wavu wa chuma wenye matundu ya milimita moja au mbili. Wimbi la sentimita 12 halipiti kwenye tundu dogo kiasi hicho, ila mwanga unapita, ndiyo maana unakiona chakula. Kisha tazama ndoano za mlango zinapoingia: zinabonyeza swichi ndogo, kwa kawaida tatu. Mbili zinakata umeme mlango ukifunguliwa. Ya tatu kazi yake ni kuzilinda hizo mbili: zikigoma kuachia, hiyo inapiga shoti makusudi ili fyuzi iungue na mashine izimike. Nikiona fundi ameziunganisha swichi hizo kwa waya ili "mashine iwake haraka", mashine hiyo siirudishi kwa mteja mpaka nimezirudisha kama zilivyokuwa.

Hata hivyo ulinzi huo una mpaka. Kule Parkes, Australia, kuna darubini ya redio yenye kipenyo cha mita 64, na kwa miaka mingi ilikuwa ikinasa milio ya ajabu ambayo wataalamu walishindwa kuielewa. Mwaka 2015 walitangaza chanzo chake: maikrowevu ya hapohapo kituoni, pale mtu alipovuta mlango kabla muda haujaisha. Kwa kile kipande kidogo cha sekunde ambacho magnetroni inazimika, mawimbi yalitoka. Kwa mtu hilo si hatari, lakini linaonyesha kwamba mawimbi haya hayasubiri nafasi kubwa.

Ukiitoa magnetroni nje ya sanduku lake, hesabu ni hizi. Sheria ya Marekani inataka maikrowevu isivujishe zaidi ya milliwati 5 kwa sentimita moja ya mraba, ikipimwa sentimita 5 kutoka mashine, kwa maisha yake yote. Kiwango cha kimataifa kwa mwili wa raia wa kawaida, kwa masafa haya, ni milliwati 1. Chukua wati 800, zitawanye sawasawa pande zote bila kuzielekeza popote: inabidi ukae mita mbili na nusu ndipo ufikie hiyo milliwati 1. Ukizielekeza upande mmoja mara kumi zaidi, kama wafanyavyo kwenye video, umbali huo unakuwa mita 8. Na mdomoni mwa kifaa chenye upana wa sentimita 10 zinatoka wati 10 hivi kwa kila sentimita ya mraba, mara mia ya jua kali la saa sita mchana. Tofauti ni kwamba jua linaishia kwenye ngozi. Haya yanaingia nyamani sentimita moja mbili.

Hapo ndipo vijana wengi hunyamaza. Wamesikia kuwa mawimbi haya hayavunji chembe za mwili kama eksirei, na ni kweli, nishati ya kila punje yake ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Lakini yanapasha maji na chumvi zilizomo mwilini, na hiyo inatosha. Vipokea joto vyetu viko kwenye ngozi, wakati joto linazaliwa chini yake, kwa hiyo ukianza kuhisi moto nyama ya ndani imeshaiva kabla ya wewe kushtuka. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuiondolea joto, na inapata mtoto wa jicho. Korodani nazo haziwezi kuvumilia joto.

Kuna jambo la karakana zetu ambalo hutaliona kwenye video: mabati. Ukuta wa bati, paa la bati, geti la chuma, vyote vinarudisha mawimbi haya. Kijana anayeelekeza kifaa ukutani akidhani yuko salama nyuma yake amejifungia ndani ya maikrowevu kubwa.

Lakini nikisema ukweli wangu, mawimbi si ya kwanza kuua. Transfoma ndiyo ya kwanza. Inatoa karibu volti 2,000, na haitoi umeme hafifu kama wa televisheni za zamani. Hii inaweza kusukuma nusu ampea na zaidi bila kuchoka, wakati sehemu moja ya kumi ya ampea inatosha kuuvuruga moyo. Usitegemee fyuzi. Nusu ampea ikipita mwilini mwako, upande wa ukutani inaonekana kama ampea 4 au 5, sawa na pasi. Breka ya kuzuia umeme unaovuja haisaidii pia, kwa sababu njia ya umeme huo inaanzia na kuishia kwenye transfoma yenyewe, na umeme unaotoka ukutani na unaorudi unabaki sawa machoni pa breka. Kule Marekani transfoma hizi hutumika kuchoma michoro ya matawi kwenye mbao, na zaidi ya watu 30 wamekufa kwa kazi hiyo. American Association of Woodturners, chama cha wachonga mbao wa huko, wamepiga marufuku kazi hiyo kwenye shughuli zao. Hawa ni watu wazima wenye vifaa vizuri.

Kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme, nayo inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi, maana kirezista cha ndani cha kuimaliza hufa kimyakimya. Na kwa wanaovunja magnetroni kutafuta sumaku na shaba: baadhi yake zina kauri ya berili oksaidi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Usivunje kauri, usiisage.

Kuhusu spika ya jirani. Hicho kifaa kitaharibu simu, ruta na vifaa vya hospitali vilivyo karibu kabla hakijafika kwenye spika, na kitu kilicho karibu nacho kuliko vyote ni mwili wa aliyekishika. Kurusha mawimbi namna hiyo bila leseni ni kosa, Tanzania chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 na Kenya vilevile chini ya yao. Kelele zipeleke serikali ya mtaa.

Anayetaka kuyaona mawimbi haya kwa macho yake namwonyesha njia ya salama, mlango ukiwa umefungwa. Toa sahani inayozunguka pamoja na kigurudumu chake, weka sahani isiyozunguka, panga slesi za mkate zilizopakwa siagi baridi mpaka zijae, washa sekunde 15 hadi 20, kisha zima. Siagi itakuwa imeyeyuka kwa madoa, si yote. Pima kwa rula kutoka katikati ya doa moja hadi jingine. Ukipata karibu sentimita 6, hiyo ni nusu ya wimbi. Zidisha kwa mbili, geuza iwe mita, kisha zidisha kwa 2,450,000,000. Jibu litakaribia 300,000,000, yaani mita za mwendo wa mwanga kwa sekunde. Namba ya masafa imeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya mashine, kwa hiyo usichukue yangu, soma ya kwako. Madoa yakitoka hovyo, sogeza slesi karibu na upande ambako mawimbi yanaingilia, palipo na kile kikaratasi cha rangi ya kahawia, na urudie kwa siagi mpya.