Kabla ya kununua injini ya pili, kagua trela

Kijana mmoja aliyeko Indiana ametuandikia. Ana dragsta (gari refu la mbio za mstari ulionyooka) inayokunywa methanoli, aina ya pombe ya kiwandani, giaboksi ya otomatiki ya Powerglide, trela la kufunika, na ratiba inayoanzia Gainesville, Florida, mwezi Machi na kuishia Indianapolis mwanzoni mwa Septemba. Anauliza: anunue injini ya akiba kabla msimu haujaanza?

Hapana. Injini isubiri.

Daraja analoshindania, Super Comp la NHRA, chama cha mbio hizo Marekani, lina muda wake uliowekwa: sekunde 8.90 kwa robo maili, yaani kama mita 402. Ukimaliza kwa 8.89 na mwenzako akamaliza kwa 8.91, umepoteza kwa kushuka chini ya muda huo, hata kama wewe ndiye uliyetangulia kuvuka mstari. Gari nyingi za daraja hilo zina nguvu ya kwenda chini ya sekunde 8, na zinapunguzwa makusudi kwa kifaa kinachobana throto kwa muda baada ya kuondoka, kisha kuiachia. Kwa hiyo anayeshinda si mwenye nguvu zaidi. Anayeshinda ni yule ambaye gari lake Jumapili jioni linafanya kile kile lilichofanya Ijumaa asubuhi, na ambaye kwanza kabisa amefika uwanjani. Hilo la kufika wengi hulichukulia kwa mzaha.

Anza na matairi ya trela. Haya huzeeka kabla kashata hazijaisha, kwa sababu hukaa miezi yamebeba mzigo bila kuzunguka. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT (Idara ya Uchukuzi ya Marekani) ubavuni: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Likifika miaka mitano, litoe, hata kama linang'aa. Jaza upepo tairi likiwa baridi, hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, maana upepo mdogo ndio unaolipikisha tairi likapasuka barabarani. Kila unapofungua gurudumu, kaza nati kwa spana ya kipimo, kisha zirudie baada ya kilomita 80 hadi 160.

Beringi zioshwe na kupakwa grisi upya kila mwaka au kila maili 12,000, lolote litakalotangulia. Kila ukisimama kujaza mafuta, zunguka trela na kipimajoto cha kuelekeza, upime habu zote. Usihangaike sana na namba yenyewe, tafuta inayojitenga. Habu tatu zikisoma nyuzi 45 na ya nne 75, hapo kuna breki inayoshika au beringi inayokufa, na huondoki mpaka ujue ni ipi. Beba habu nzima ya akiba, beringi zikiwa ndani, grisi imejaa, sili mpya imepigwa. Kuibadilisha kando ya barabara ni kazi ya dakika. Kubandua beringi iliyoshikana na ekseli usiku ni habari nyingine.

Uzito nao una hesabu yake: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lote ikae kwenye ndoano ya gari linalovuta. Ikipungua, trela linatikisa mkia ukikaribia mwendo wa barabara kuu. Dragsta ina injini nyuma ya dereva, hivyo kuiingiza kwa pua au kwa kinyumenyume kunahamisha mzigo mkubwa. Usikisie, pita kwenye mzani wa malori. Fungia mikanda minne, na usimame kuikaza tena baada ya kilomita 20 za mwanzo.

Sasa mafuta. Methanoli hunyonya unyevu kutoka hewani na hula alumini. Baada ya mashindano toa yote kwenye tangi, pampu na kabureta, kisha pitisha petroli kidogo yenye kilainishi kabla ya kufunga. Pipa lililobaki nusu na kifuniko legevu ukilitumia wiki tatu baadaye, utakimbiza mchanganyiko usioujua kisha utalaumu jeti, tundu linalopima mafuta kwenye kabureta. Oili nayo huingiwa na methanoli, hasa injini ikiwashwa mara nyingi bila kupata joto la kutosha. Ikigeuka rangi ya maziwa, imwage. Moto wa methanoli mchana karibu hauonekani, lakini methanoli huchanganyika na maji, na maji mengi yanauzima. Weka ndoo mahali pa kujazia. Tunashangaa timu ngapi hazina.

Injini yenyewe itakwambia hali yake ukiisikiliza. Pima nafasi ya vali (tapeti) baada ya kila mashindano, injini ikiwa na joto lile lile kila mara, na uandike vali zote 16. Nafasi ikiongezeka inchi 0.004 kwenye vali moja tu, usiikaze ukaondoka: kuna roka, pushirodi, tapeti yenyewe au kemu, vipande vinavyosukuma vali, inayolika. Ikipungua, vali inazama kwenye kiti chake au shina lake linavutika, na kichwa chake kinaweza kukatika.

Filta ya oili ikatwe kwa kikata-filta. Msumeno unaingiza chenga zake, utababaika bure. Toa karatasi, ibane kwenye jiliwa mpaka oili itoke, ifungue mikunjo juani na pitisha sumaku. Chenga zinazorukia sumaku ni chuma: kemu, tapeti au meno ya gia. Zinazometa bila kuvutwa ni za beringi za kranki, na zikiwa na rangi ya shaba, beringi imeshakwisha tabaka la juu. Hapo injini inafunguliwa uwanjani au inarudi nyumbani. Kuiwasha mara moja tu ili uone itakuwaje ndiko kunakoharibu kranki.

Betri hutajwa mwisho na huangusha wengi mapema. Dragsta nyingi hazina altaneta, zinategemea betri ya volti 16 peke yake. Volti zikishuka raundi kwa raundi, pampu, feni na vifaa vya muda vinabadilika kidogo kidogo, na dereva anadhani mkono wake umechelewa. Chaji baada ya kila mbio, hata ukiwa na dakika 30.

Matairi ya nyuma yapime kwa geji ya pauni 0 hadi 15, maana geji kubwa haioni nusu pauni, na nusu pauni unaiona kwenye muda wa futi 60 za kwanza. Ukiegesha, tairi la upande wa jua hupanda upepo kuliko mwenzake na gari litavuta upande. Lifunike kwa kitambaa cheupe, kisha pima yote mawili mnapokaribia kuchoma tairi, si asubuhi.

Kisha daftari. Kila mbio: muda wa futi 60, 330, 660, 1,000 na mwisho, joto la maji ulipoondoka, upepo wa matairi, joto la hewa, unyevu, kipimo cha baromita, na muda wa kile kifaa cha throto. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Hesabu za Gainesville, karibu na usawa wa bahari, usizipeleke Bristol, Tennessee, milimani kama zilivyo. Hewa ikiwa nzito, ongeza muda wa kubana throto. Ikiwa nyepesi, upunguze. Kiasi gani? Daftari ndilo linajua, kwa gari lako wewe.

Kabla ya kutoka nyumbani soma tarehe za vibandiko. Mikanda ya dereva yenye kibandiko cha SFI 16.1 (SFI ni shirika la viwango vya vifaa vya mbio) hudumu miaka 2 tangu ilipotengenezwa, si tangu uliponunua. Ukaguzi wa chasisi kwa gari la 9.99 kushuka chini ni kila miaka 3. Mikanda ikiisha Juni, mkaguzi wa Julai hatajali umeendesha kwa saa ngapi.

Pesa ya ile injini, ndugu yangu, inatosha habu, matairi ya trela, betri mbili, stata, pampu ya mafuta, koili, roka na pushirodi za akiba, na giaboksi ya pili iliyokwisha kufungwa na konveta yake, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Giaboksi hiyo ndiyo ya kununua kwanza.