Malezi: Baba Anayerudi na Mbalamwezi

SWALI

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza, na ninajishughulisha na kuanika na kuuza dagaa Mwaloni. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa na kambi yao iko visiwani, upande wa Ukerewe. Huondoka giza linapoanza na kurudi mbalamwezi inapokuwa kali, akakaa nasi siku nane au tisa, kisha akaondoka tena. Mtoto wetu wa kwanza, Masanja, anakaribia miaka sita na mwakani ataanza darasa la kwanza. Siku baba yake anaporudi, Masanja hujificha kwa jirani mpaka aitwe, hamsemeshi, na usiku hukojoa kitandani ilhali siku nyingine haamki na maji. Mdogo wake wa miezi tisa ndiye amezidi: akibebwa na baba yake hulia hadi kupaliwa, na jirani mmoja ameanza kuniambia kwamba mtoto anabemendwa, yaani anadhoofishwa na uzinzi wa baba yake, kwa kuwa wavuvi hawatulii huko visiwani. Mume wangu anaumia, anasema nimewajaza watoto maneno. Mama mkwe naye anataka Masanja akalelewe na babu yake Sengerema, kwa hoja kwamba mtoto wa kiume hawezi kukua sawasawa mikononi mwa mama peke yake. Je, watoto wangu wanaharibika kwa sababu baba yao hayupo? Mimi ninajitahidi, hata Masanja akikosea humwambia angoje baba yake atoke ziwani, nitamweleza yote.

Mama Masanja, Kirumba

JIBU

Marahaba, Mama Masanja. Sentensi yako ya mwisho, ambayo nadhani uliiongeza ili kuonyesha kwamba hujalegea katika malezi, ndiyo niliyoisoma mara tatu. Nitairudia. Nianze na mdogo, kwa sababu jambo lake ni jepesi.

Mtoto anapokaribia miezi saba au minane huanza kupambanua nyuso alizozizoea na zile asizozizoea, na akili yake inapofikia hatua hiyo hulia akibebwa na mtu ambaye kumbukumbu yake haijamshika vizuri. Kwa mtoto wa umri huo, wiki mbili au tatu ni muda mrefu kupita kiasi. Baba Masanja anapaswa kulisikia hili bila kuongezewa chumvi: kilio hicho ni dalili kwamba mtoto ana watu wake, na yeye anaweza kuwa mmoja wao ikiwa hatafanya haraka. Asimnyakue mlangoni. Akae chini, mtoto akiwa bado mapajani mwako, azungumze nawe kwa sauti ya kawaida, amwachie mtoto kijiko au kifuniko cha sufuria achezee, na asubiri mpaka mtoto mwenyewe anyooshe mkono. Siku ya pili au ya tatu mambo huwa tofauti.

Kuhusu kubemendwa, mtoto anayedhoofika hupelekwa kliniki na kadi yake akapimwe uzito, kwa sababu kudhoofika kwake hutokana na ulaji, na maradhi kama kuhara na malaria, au na kuachishwa kunyonya mapema, na mambo hayo yote yana tiba. Mtoto anayelia tu akibebwa na baba yake huku uzito wake unapanda, kwa kawaida hana anachoumwa. Kama una mashaka na uaminifu wa mume wako, hayo ni mazungumzo ya watu wazima wawili, na si haki kumfanya mtoto mchanga kuwa shahidi wake.

Sasa nije kwa Masanja. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Kampala, kaskazini mwa ziwa letu hili hili, na kutoka huko akawa anazitembelea familia 26 za vijiji vya jirani, takribani kila baada ya wiki mbili, akiangalia jinsi watoto 28 wachanga walivyoshikamana na mama zao. Wapo waliotambaa mbali na mama, wakachunguza vitu, kisha wakarudi kwake kama chombo kinavyorudi bandarini. Na wapo waliolia sana hata wakiwa mikononi mwake. Jambo moja alilolibaini limenisaidia kuliko mengi niliyoyasoma kuhusu malezi: mama aliyeweza kueleza kinaganaga habari ndogo ndogo za mwanawe, anapenda nini, hushtuka kwa nini, hulala vipi, ndiye ambaye kwa kawaida mtoto wake alikuwa mtulivu na mwenye kujiamini. Miaka michache baadaye, mwaka 1964, Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 60 wa Glasgow, huko Uskoti, wakaonyesha kwamba mtoto hashikamani lazima na mtu anayeshinda naye saa nyingi zaidi, bali na yule anayemwitikia na kucheza naye, na kwamba kufikia mwaka mmoja na nusu wengi wao walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja, baba wakiwemo.

Kwa hiyo siku anazokosekana mume wako si jambo dogo, ila si lenyewe linalotoa hukumu. Ningemuuliza Baba Masanja maswali mengine kabisa: rafiki wa Masanja katika darasa la awali anaitwa nani? Jino lake la kwanza limeanza kulegea? Anaogopa mbwa wa nani mtaani? Iwapo hajui hata moja, basi ndivyo mtoto anavyomwona pia, kama mgeni mwenye mamlaka.

Na hapa ndipo inapoingia sentensi yako ile. Wewe ni mtu wa Mwaloni, huhitaji kuelezwa kwamba taa za wavuvi huwavuta dagaa usiku wa giza, na kwamba mwezi ukiwaka dagaa hutawanyika na mitumbwi hupumzika. Masanja naye analijua hilo, maana mtoto wa mvuvi huusoma mwezi kabla hajajua kusoma herufi. Anauona unanenepa juu ya ziwa, na kwake kila usiku unaongezeka mwanga ni usiku mmoja karibu zaidi na siku ya mashtaka. Makosa ya wiki mbili, ambayo mengine amekwisha kuyasahau, yanasomwa kwa siku moja mbele ya mtu aliyechoka na ambaye hakuyaona yakitendeka. Akijificha kwa jirani ninamwelewa. Marehemu baba yangu alikuwa baharia, mama alikuwa na orodha kama yako, na hadi leo, nikiwa na wajukuu, honi ya meli ikilia bandarini tumbo langu husokota kidogo. Baba yangu hakuwa mkali. Ilikuwa ile orodha.

Kosa la Jumatatu limalizwe Jumatatu, na wewe mwenyewe, kwa adhabu ndogo isiyo ya fimbo au kwa kumtaka arekebishe alichoharibu. Mama ana mamlaka kamili nyumbani kwake, na kila unapomwambia asubiri baba unamfundisha kwamba lako halina uzito. Orodha ya baba iwe na mambo mengine: Masanja alimlea mdogo wake nilipokuwa sokoni, Masanja sasa anaandika jina lake. Huko kambini, siku ambazo mtandao wa simu unapatikana, amtumie mwanawe ujumbe wa sauti mfupi, amweleze walichovua, ndege aliyemwona, mawimbi yalivyokuwa. Asiulize kama anakutii. Siku ya kurudi isiwe siku ya kuzungumzia shule. Tena wawe na jambo lao wawili ambalo hurudiwa kila mbalamwezi bila kukosa, hata likiwa dogo kama kunyolewa nywele na baba au kukaa pamoja wakishona nyavu, kwa kuwa mtoto mwenye baba anayekuja na kuondoka hushikilia sana kile kinachojirudia.

Siku ya kuondoka ninaitilia mkazo kuliko ya kurudi. Akina baba wengi hutoka alfajiri kimyakimya ili watoto wasilie, na wanajiona wamefanya wema. Mtoto akiamka akakuta mtu hayupo hujifunza kulala jicho moja wazi, na sitashangaa kama mikojo ile ya usiku ina uhusiano na hilo. Aage, alie, aelezwe kwamba mwezi ukijaa tena baba atakuwa mezani. Mikojo yenyewe msiigeuze kuwa aibu, wala msiitangaze kwa majirani. Katika umri wake bado ni jambo la kawaida. Ila ikiwa anasikia maumivu, au inaendelea hata baba akiwa ziwani, mpelekeni zahanati.

Kuhusu Sengerema, mama mkwe wako ana hoja moja ya kweli ambayo sisi watu wa mijini tunaidharau. Zamani mtoto wa Kisukuma hakumtegemea mwanamume mmoja tu. Jioni aliketi shikome, penye moto, pamoja na babu, baba wakubwa na wajomba, akasikia wakisimulia, wakibishana na wakikosoana. Masanja anahitaji wanaume hao, na mjomba wake wa Kirumba au mwalimu wake mmoja anaweza kuziba sehemu ya pengo. Hata hivyo, nisingempeleka akaishi huko sasa. Mdogo wake ana miezi tisa, shule inakaribia, baba anakuja na kuondoka. Akihamishwa wakati huu ataelewa kwamba mdogo amechukua nafasi yake. Kumlea mtoto ni wajibu wa wazazi kwanza, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalisema hilo waziwazi. Likizo ni jambo jingine. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, safari ya kwa babu haisubiri tena kivuko, na mtoto anaweza kwenda na kurudi akiwa na hadithi za kumsimulia baba yake.

SWALI

Mheshimiwa Mshauri, mimi ni baba wa mapacha wa miezi minne na ninafanya biashara ya kusindika sangara. Jioni huwaogesha watoto, mmoja nikambeba mgongoni mke wangu akinyonyesha mwingine. Ndugu zangu wananicheka, wanasema mke amenikalia, na mama yangu mzazi anasema watoto hawatakuja kuniheshimu. Je, nafasi ya baba si kutafuta?

Baba Kulwa na Doto, Buhongwa

JIBU

Kutafuta ni nafasi ya baba, na ya mama pia, kama wanawake wa soko la Mwaloni watakavyokueleza kabla hujamaliza kuuliza. Sheria niliyoitaja hapo juu inapoorodhesha anachostahili mtoto kwa mzazi wake haiishii kwenye chakula, malazi, mavazi na matibabu. Inataja na elimu na mwongozo, na hata haki ya kucheza na kupumzika, na hakuna mahali inapoligawa jukumu hilo kwa jinsia. Mtoto wa miezi minne hana habari ya heshima. Anachojua ni kwamba akilia anaitikiwa, na kwamba mikono inayomwitikia ina harufu fulani, na kwa watoto wako sehemu ya harufu hiyo ni ya samaki. Mama yako msimjibu kwa hoja. Mpe Doto amshike, wewe uendelee kumwogesha Kulwa, na muulize alivyowaogesha ninyi alipokuwa peke yake. Nina hakika ana mengi ya kusema kuhusu jioni hizo, na huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jambo moja tu: mapacha huchosha mama kuliko anavyokiri. Mkienda kliniki siku ya kupima uzito, nenda nawe, na mwombe muuguzi amwangalie mke wako pia.