Tela Linaposhinda Gari Mlimani: Maswali Yenu Kuhusu Difu, Tairi na Gia

Maswali mengi ya safari hii yanazunguka jambo moja: gari la foo wili (linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne) ni zima, lakini likifungwa tela linakosa nguvu mlimani. Kabla hujamlipa fundi yeyote aguse injini, jua kwanza injini yako inazunguka mara ngapi ili tairi izunguke mara moja. Difu, yaani gia za mwisho kabla ya magurudumu, ni sehemu ya hesabu hiyo: ya 4.10 maana yake propela shafti, mtaimbo unaoleta nguvu kwenye difu, huzunguka mara 4.10 ili magurudumu yazunguke mara moja. Nimeona watu wakifungua hedi ya injini wakati tatizo liko kwenye rimu.

Fundi, nina Land Cruiser pickup yenye injini ya dizeli ya 1HZ na difu ya 4.10. Nilitoa tairi za 7.50R16 nikafunga za inchi 35. Sasa nikivuta tela la mahema kwenda Ngorongoro, kuanzia Mto wa Mbu gia ya 4 haikai kabisa. Injini imechoka? (Msomaji, Njiro)

Injini iache kwanza. Tairi ya 7.50R16 ina kipenyo cha karibu sentimita 80, na ya inchi 35 ina sentimita 89. Kwa badiliko hilo peke yake kila gia ya gari lako, kuanzia ya 1 hadi rivasi, imepoteza karibu asilimia 10 ya uvutaji. Difu bado ni 4.10 kwa meno yake, ila barabarani inafanya kazi ya 3.69.

Sasa tazama injini. 1HZ hutoa msokoto wake mkubwa kabisa, Nm 285, ikizunguka mara 2,200 kwa dakika. Kwa tairi za zamani, ukiwa gia ya 4 kwa spidi ya 80, injini ilikuwa inazunguka kama 2,190. Yaani waliotengeneza gari walikuwekea injini mahali penye nguvu, kwa spidi ambayo mtu mwenye mzigo huitumia. Kwa inchi 35, spidi ileile inakupa 1,960, na mlima ukianza injini inazidi kushuka, mbali na pale inapovuta vizuri. Breki nazo zimepungua makali kwa kiasi hichohicho, na watu wengi hawalifikirii hilo.

Ushauri wangu kwa mtu wa mizigo ni kurudisha 7.50R16. Ndiyo njia nafuu kuliko zote ya kubadilisha gia, na huhitaji kufungua hata nati moja ya difu. Ukitaka tairi kubwa kidogo, ya inchi 33, difu ya 4.30 itakurudisha karibu kabisa na pale ulipokuwa. Ukishikilia inchi 35, tafuta 4.56. Anayevuta tela zito kila siku kwa tairi za 7.50 anaweza kwenda 4.88: ataongeza uvutaji kwa asilimia 19 kwenye kila gia, lakini kwa spidi ya 80 gia ya 4 injini itakuwa 2,600. Safari za Dar es Salaam zitakuwa na kelele zaidi, na dizeli itaonekana kupungua kwenye tenki.

Jambo moja la kuzingatia: pinioni (gia ndogo ya difu) ya 4.10 ina meno 10, ya 4.88 ina meno 8 na mwili wake ni mwembamba zaidi. Haipendi dereva anayeachia klachi kwa kishindo.

Nimepata difu ya nyuma ya 4.88 kwa bei nzuri, ya mbele sijaipata. Naweza kuanza na ya nyuma? (Msomaji, Unga Limited)

Usiwahi kuingiza foo wili gari likiwa hivyo. Difu za mbele na nyuma zisipolingana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda spidi tofauti huku transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ikiyalazimisha yaende sawa. Kitu kitakatika, na mara nyingi kitakatika ukiwa kwenye tope, mahali ulipoihitaji foo wili yenyewe.

Na usiamini namba iliyoandikwa kwa chaki kwenye difu ya mtumba. Difu ikiwa wazi, hesabu meno ya krauni (gia kubwa) ugawe kwa meno ya pinioni: 41 kwa 10 ni 4.10, 39 kwa 8 ni 4.88. Ikiwa bado iko kwenye gari, weka vigingi kwenye magurudumu mengine, inua gurudumu moja na uilaze ekseli kwenye stendi, toa gia. Zungusha gurudumu hilo mara mbili kamili na mwenzako ahesabu mizunguko ya propela shafti. Ikizunguka mara 4 na sehemu ya kumi, hiyo ni 4.10. Ikikaribia 5, ni 4.88.

Rafiki yangu ananiambia nisihangaike na difu, nifunge tabo kwenye 1HZ. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Sakina)

Mnazungumzia vitu viwili tofauti. Difu haiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Inachofanya ni kuiweka injini mahali penye nguvu na kuuzidisha msokoto kabla haujafika kwenye tairi. Tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, inaongeza nguvu yenyewe.

Chukua gari la tani 3 na tela la tani 2, mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100. Kuupanda kwa spidi ya 60 kunahitaji kama kilowati 63 kwenye tairi. 1HZ mpya, ikiwa pwani, inatoa kilowati 96, tena ikiwa imefika mizunguko 3,800. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa inapungua. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300. Toa hiyo, toa na kinacholiwa na giaboksi na difu, zinabaki kama 65. Kwa hiyo spidi ya 60 inawezekana, ila injini ikiwa inalia mwisho wake. Ukiishikilia kwenye mizunguko 2,200, utapanda kwa spidi ya 40 na ushei, na hakuna difu duniani itakayobadilisha hesabu hiyo.

Mimi ningeanza na difu na tairi, kisha nikubali kupanda kwa spidi ya 40. 1HZ haikuundwa kwa ajili ya tabo: mafuta huanza kuungua kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, na joto likizidi hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Wapo wanaofunga tabo ndogo na gari likadumu, lakini huwa wamefunga geji ya joto la moshi na dereva anaitazama. Kama dereva wako si wa kutazama geji, usifunge.

Mwanangu fundi, natoa majani ya ng'ombe tambarare kuyapeleka nyumbani Kibosho kwa Hilux ya zamani. Njia ya kuingilia nyumbani ni kali, na tela lazima liingie kinyumenyume. Klachi imeshaungua mara mbili. Nifunge difu nzito? (Mzee, Kibosho)

Shikamoo mzee. Usinunue kitu, gia unayoitaka tayari iko ndani ya gari lako. Klachi inaungua kwa sababu rivasi ya kawaida inakimbia kuliko unavyotaka wewe, hivyo unalazimika kuishikilia nusu. Ukiweka L4 (gia nzito ya foo wili, kwenye leva ndogo ya transfa), rivasi hiyohiyo inapungua spidi kwa zaidi ya mara mbili. Unaachia klachi yote, na gari linajisukuma lenyewe taratibu huku mguu wako ukiwa karibu na breki.

Njia ikiwa ya udongo, weka L4 na habu za mbele (vifungio vilivyo katikati ya magurudumu) zikiwa zimefungwa, ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa ni zege na una kona kali, ziache habu kwenye FREE kisha uweke L4. Hapo magurudumu ya nyuma tu ndiyo yatakayovuta, na usukani utabaki mwepesi. Ila nenda pole, maana msokoto wote unapita kwenye shafti za nyuma.

Defender yangu 110 ilivunja transfa. Fundi akafunga ya mtumba, inaingia vizuri na haivuji. Lakini tela lilelile nililokuwa navuta kwenda Rombo sasa halipandi, na barabara ya lami gari limekuwa na kimya kizuri. (Msomaji, Majengo, Moshi)

Hicho kimya ndicho jibu. Inaelekea umefungiwa transfa ya Discovery. Kwa nje zinafanana, zote ni LT230, lakini ya Defender ina 1.41 kwenye gia ya juu na ya Discovery ina 1.22. Umepoteza zaidi ya asilimia 13. Gia ya chini ni 3.32 kwa zote mbili, ndiyo maana kwenye tope hukuona tofauti.

Hakikisha kwanza. Injini ikiwa imezimwa, weka gia ya 4 na transfa juu, inua gurudumu moja la nyuma na ufunge difu loki ya kati (iliyo kwenye transfa), ukiwa umelitoa propela shafti la mbele. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa spana. Krenki ikizunguka mara 14, propela shafti la nyuma lizunguke kama mara 10. Likikaribia mara 11 na nusu, si ya Defender. Mwombe fundi akurudishie ya 1.41.

Prado yangu ni otomatiki. Nikivuta boti ndogo kwenda Nyumba ya Mungu, gia zinabadilika hovyo mlimani. (Msomaji, Moshi)

Bonyeza kitufe mpaka taa ya O/D OFF iwake (yaani gia nyepesi ya juu imezimwa), au shusha leva mpaka 3. Kubadilika huko kunachemsha oili ya giaboksi. Kama unavuta mara kwa mara, funga kipozeo cha oili hiyo na uibadilishe oili mapema.

Shikamoo fundi. Natoa vitunguu Mang'ola kwa pickup ya 1HZ na tela la tani 2. Kupanda siogopi, ninachoogopa ni kuteremka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu. Gia ipi? (Dereva, Karatu)

Marahaba, na una haki ya kuogopa. Chagua gia kabla mteremko haujaanza: ile ambayo ungepandia hapo na mzigo huo, au moja nzito zaidi. 1HZ haina mlango wa kuziba hewa kama injini ya petroli, kwa hiyo gia nyepesi haitakushikilia. Mizunguko ikikaribia 3,800, kanyaga breki kwa nguvu mpaka gari lipungue, kisha achia kabisa zipoe. Usizipakaze mguu mteremko mzima, na usikanyage klachi.

Tela la tani 2 lazima liwe na breki zake. Ukifika Mto wa Mbu, egesha na usogeze kiganja karibu na rimu, bila kugusa. Za gari zikiwa za moto na za tela baridi, breki za tela hazifanyi kazi, na mzigo wote umeuteremsha kwa breki za pickup. Zitengeneze kabla ya kurudi Mang'ola.