Nguruwe pori "aliyetulia" kwenye kamba

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Kaliua, mkoani Tabora. Kikundi chetu kina kibali cha kuwinda nguruwe pori wanaomaliza mahindi na mihogo yetu. Mbwa wakimkamata mmoja, tunamfunga miguu na mdomo ili afike kijijini akiwa hai. Wawili wametufia njiani bila hata jeraha. Kuna jamaa anauza sindano ya kuwatuliza. Tuitumie, au tubadilishe kamba? Nataka dume mmoja nimpandishie majike yangu, wazae watoto wenye kinga. Kwa sasa ninaye mmoja, yuko kwenye kizimba.

JIBU: Marahaba. Kamba haina kosa, iwe ya katani au ya gome la mtundu. Kosa ni kufunga mdomo, kisha kukaa kumtazama mnyama anakata roho huku mkisema ametulia.

Nguruwe hana jasho la kumsaidia. Hujipoza kwa kuhema na kugaagaa kwenye tope. Wewe umemkimbiza na mbwa, joto limempanda, halafu umemziba mdomo na kumlaza juani. Hata akinusurika na joto, misuli iliyopigana kupita kiasi huanza kuoza angali hai, na uchafu wake huziba figo. Ndiyo maana mwingine hufa saa chache baadaye, mwingine siku ya pili au ya tatu.

Niliwahi kuitwa Sikonge kumwona mmoja aliyefungwa chini ya mwembe, mdomo umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli mara nne. Ulimi uliochungulia pembeni ulikuwa wa zambarau, na mchanga chini yake ulikuwa na mkojo wa rangi ya kahawa. Mwenyewe akaniambia kwa furaha, "Sasa amekubali, daktari." Alikuwa amekubali kufa. Hakufika jioni.

Basi mbwa waondolewe mara tu mnyama anaposhikwa. Mmoja anyanyue miguu ya nyuma ili akose pa kusukumia, alazwe ubavu, na goti likae begani, si kifuani wala shingoni. Miguu ya nyuma ifungwe kwanza, kisha ya mbele. Macho yafunikwe kwa gunia, pua na mdomo viachwe wazi, na mikono yenu ikae mbali na yale meno ya chini, maana yanachana kama wembe. Kivulini, amwagiwe maji. Mkishindwa kumaliza upesi, ni heri kumuua papo hapo kuliko kumburuta nusu siku.

Sindano sasa. Huyo jamaa nawajua wenzake, wamejaa kila gulio. Dawa ya usingizi inayopatikana kirahisi humshika nguruwe vibaya, hasa aliyehamaki, na dozi hukisiwa kwa macho. Ukizidisha, anaacha kupumua. Ukipunguza, anazinduka ukiwa naye kwenye bodaboda. Na dawa hubaki kwenye nyama mtakayokula. Wengine huwachoma ile antibiotiki ya njano "kusafisha damu" kabla ya kumwingiza bandani. Kusafisha nini? Antibiotiki haigusi kirusi.

Hapo ndipo kwenye hofu yangu kubwa kuliko kamba zote. Habari ya watoto wenye kinga naisikia karibu kila wiki, na inaua mabanda. Nguruwe pori na nguruwe wako ni ndugu wa mbali, hata jenasi ni tofauti, usitegemee mimba. Unachoweza kupata ni homa ya nguruwe ya Afrika. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vyake bila kuugua, na papasi, aina ya kupe wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri, huvitunza na kuvisambaza. Vikifika bandani mwako, nguruwe wanasusa chakula, wanalaliana, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu, na ndani ya siku chache huna kitu. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na mpaka leo hauna tiba. Binadamu haumwambukizi, lakini damu kwenye buti zako inatosha kuufikisha kwa jirani. Na anayeuza haraka nguruwe waliobaki kwa bei ya kutupa, kabla karantini haijatangazwa, ndiye anayeupeleka kata ya pili.

Jambo jingine: kibali cha kuwinda si kibali cha kukamata mnyama hai na kumfuga. Ni karatasi mbili tofauti.

Kwa hiyo huyo wa kizimbani asisogezwe karibu na majike yako. Mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya leo, mweleze ukweli. Ikiamuliwa achinjwe, damu na matumbo vifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawatafukua, nguruwe wasipewe makombo yoyote ya nyama hiyo, na buti na nguo zioshwe kwa sabuni kabla hujaingia bandani. Jike akisusa pumba wiki hii, usimchome kitu. Mwite ofisa mifugo.